Jina la Mjomba Kwenye Jiwe la Mashujaa

Mwaka niliostaafu ualimu, mama aliniomba nimpeleke akaone mahali kaka yake alipouawa. Alikuwa ameishi nami Gatongora, hapa Ruiru, kwa miaka saba, na kwa muda huo wote hakuwahi kuniomba kupelekwa popote ila kanisani na kwa daktari wa magoti. Aliniomba asubuhi moja tukichambua maharagwe, bila kuinua macho.

"Maitu," aliniambia, "wanasema wamejenga kitu kule bondeni. Nataka nikione kabla sijafa."

Maitu ni mama kwa Kikuyu. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake, na kwetu mtoto akirithi jina huitwa kama mwenye jina.

Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa nimefundisha habari za vita vya uhuru kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka niliwaambia watoto darasani kwamba mjomba wangu alikufa akipigana. Sikuwaambia zaidi kwa sababu sikujua zaidi. Nyumbani habari hiyo ilikuwa na sentensi mbili tu: kaka yake mama aliingia msituni, akauawa pamoja na wenzake karibu na mto wakila. Ukiuliza la tatu, mama alikumbuka nguo za kuanua.

Tulienda Jumamosi kwa gari dogo la mwanangu, nikiendesha mwenyewe. Mahali penyewe si mbali. Ukitoka Ruiru kuelekea Thika unaacha barabara kuu, unapita kahawa kidogo iliyobaki na kahawa nyingi iliyong'olewa, vigingi vya ploti vimepigwa rangi nyekundu kichwani, kisha unafika ukingoni mwa bonde. Kule chini kuna mto ambao mtu mzima anauvuka bila kulowa magoti. Zamani zile ukingo wote ulikuwa shamba la mzungu, na kijiji cha wafanyakazi kilikuwa pale ambapo leo kuna fleti za ghorofa nne zenye nguo zilizoanikwa kila dirisha.

Bustani ya ukumbusho ina vitu vitatu, na tulivizunguka kimoja kimoja.

Cha kwanza ni jiwe la ofisa kijana wa Kiingereza aliyekufa asubuhi ileile aliyouawa mjomba. Hilo ni la zamani, liliwekwa na wazungu wenyewe kabla hawajaondoka. Ni jiwe la kijivu, limezungushiwa mnyororo wa chuma, na majani yake yalikuwa yamekatwa chini kabisa. Nilimsomea mama: jina lake, umri wake, mji aliozaliwa, na kwamba alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Mama alisimama hapo muda mrefu akiegemea fimbo.

"Mpaka mamake wamemtaja," alisema.

Cha pili ni sanamu. Mtu wa simenti mwenye nywele ndefu za kusokotwa, bunduki mkononi, amepakwa rangi ya shaba ambayo ilikuwa imeanza kubambuka puani. Mama alimzunguka mara mbili.

"Huyu ni nani?"

"Si mmoja, mama. Ni wote."

"Hawakuwa wanene hivi," alisema. "Kaka yangu ungeweza kuhesabu mbavu zake ukiwa upande ule wa mto."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Cha tatu ndicho kilichotuleta. Ni ukuta mfupi uliofunikwa vigae, na katikati jiwe jeusi linalong'aa mpaka unajiona uso. Juu limeandikwa kwamba hawa ni mashujaa wa bonde hili waliojitolea kwa ajili ya uhuru, na chini yake kuna majina katika safu mbili. Mama haoni maandishi siku hizi, na hata alipoona hakuwahi kufundishwa kuyasoma. Nilisimama mbele ya ukuta nikayasoma kwa sauti kama rejista ya darasa.

Jina la mjomba lilikuwa la tano. Nilipolitamka, mama alisema "Yuko," polepole, akanipa fimbo. Alinyosha mkono, nikauongoza mpaka kwenye herufi. Alizipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo. Sijawahi kumwona mama akilia kwa furaha, na sikumwona siku hiyo pia.

"Haya, endelea," alisema. "Nisikie na wenzake."

Niliendelea. Kila jina alilitikisia kichwa: huyu alikuwa wa mbari fulani, huyu alikuwa fundi wa baiskeli, huyu alikuwa na mchumba. Kisha, karibu na mwisho wa safu ya pili, nikasoma jina ambalo kwangu lilikuwa kama majina mengine yote.

Mama hakutikisa kichwa. "Rudia hilo."

Nikarudia.

"Na la babake? Wameandika la babake?"

Nilimsomea na la baba. Mama aliondoa mkono wake ukutani kana kwamba vigae vilikuwa vimepata moto.

"Nitafutie pa kukaa," alisema.

Tulikaa kwenye kiti cha simenti chini ya mikaratusi, tukiwa tumeupa ukuta mgongo. Hapo ndipo mama, akiwa na zaidi ya miaka themanini, aliniambia sentensi ya tatu.

Mwenye jina lile alikuwa nyapara wa shamba la mzungu. Hali ya hatari ilipotangazwa alipewa bunduki na kofia, akawa ngati. Ngati ndio waliokuwa Waafrika wenzetu waliolinda upande wa mkoloni. Mama alikuwa na kama miaka kumi. Kila siku ya tatu mamake alimpa githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kikapu, akaifunika kwa kuni, naye mama akateremka mtoni kama anayetafuta kuni zaidi. Kaka yake na wenzake walikuwa wamejificha kwenye matete. Watoto wengine waliulizwa na ngati, wengine walichapwa, na hakuna aliyesema. Yeye pia alikuwa ameapa moyoni kwamba hatasema hata wakimkata kidole.

"Hakunichapa," mama aliniambia. "Hakuniuliza hata neno. Aliniita ofisini kwake akanipa mkate."

Mkate mweupe, wa kwa mzungu, umepakwa siagi. Vipande viwili. Mama hakuwa ameonja mkate maishani mwake. Alikula kipande kimoja palepale amesimama, na kile cha pili akakikunja vizuri ndani ya nguo, tumboni. Nyapara alikuwa akimtazama. Je, alikuwa akimwekea mamake nyumbani? Hapana, mamake alikataa kitu chochote kutoka kwa ngati, na mtoto yeyote wa kijiji kile alijua hivyo. Baba alikuwa kizuizini. Basi kipande kile kilikuwa cha nani?

"Alicheka," mama alisema. "Akanipapasa kichwa. Akaniambia, wewe ni mtoto mzuri."

Kesho yake asubuhi aliteremka mtoni na kikapu. Kaka yake alichukua mkate kwanza kabla ya githeri. Mama alipokuwa akipanda kurudi, bado hajafika kwenye kahawa, bunduki zikaanza nyuma yake. Askari walikuwa wamemfuata.

"Alikuwa bado anautafuna," mama alisema. "Nilimwacha akiutafuna."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa mtoto. Nikamwambia. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua.

"Nilijua hilo kabla hujazaliwa," alisema. "Nataka tu uniambie kwa nini huyo mtu ameandikwa chini ya kaka yangu."

Jumatatu nilikwenda Thika kutafuta jibu.

Katika ofisi niliyoelekezwa nilipokewa na msichana mpole aliyenipa kiti na kuniita mwalimu kila baada ya maneno matatu. Alifungua faili, akaniambia majina yalipendekezwa na kamati ya wenyeji, wao walichonga tu walicholetewa. Akaniandikia nambari ya mwenyekiti.

Mwenyekiti nilimjua. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, tuliwahi kusahihisha mitihani pamoja miaka ya zamani. Alinikaribisha kwake, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mwalimu, hilo jina si kwamba hatukulijadili."

"Mlilijadili? Kwa hivyo mlijua?"

"Watu wanasema mambo mengi. Lakini wewe jiulize, kile kiwanja cha bustani kilitoka wapi? Mwanawe alikitoa bure. Kama si yeye, pale sasa hivi pangekuwa na fleti. Alitoa, akaomba kitu kimoja tu, baba yake naye akumbukwe."

"Akumbukwe kama nani?"

"Kama mwenyeji." Alifungua mikono. "Tena mwalimu, vita vile viligawanya watu. Tukianza kuchambua nani alikuwa upande gani, hatutamaliza. Tumeamua wote ni wetu."

Nilimwambia kwamba baba wa huyo mtu alipewa ile ardhi na wakoloni kama malipo ya wale waliouawa bondeni. Aliniambia hayo ni mambo ya kuleta mbele ya kamati, na shahidi. Nilimuuliza ni shahidi gani angetaka, kwa sababu wengine wote walikuwa wamekufa, na yeye mwenyewe alikuwa amewaandika kwenye jiwe.

"Mama yako basi," alisema. "Kama ana nguvu."

Sikutaka kumwambia mama. Nilijua kutoa ushahidi kulimaanisha kuusema ule mkate mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mume wake wala kwa padri. Lakini aliniuliza kila jioni nimefikia wapi, na mimi si mwongo mzuri.

"Nitaenda," alisema. Akanituma nimtafutie kitambaa chake cheupe cha kichwa.

Kamati ilikutana alasiri katika ukumbi wa kanisa moja, kilomita chache kutoka bondeni. Watu saba walikaa kwenye meza ndefu, na vikombe vya chai. Mwana wa nyapara alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilikuta mzee mnyenyekevu wa miaka sabini na kitu, sweta lake limefungwa vifungo vyote. Ni yeye aliyeinuka kumletea mama kiti chenye mto, akamsalimu kwa mikono miwili.

Mama alisema yote. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika kwenye mkate, katibu aliacha kuandika. Nilidhani ni kwa heshima. Alipomaliza, tulisikia mtu akifagia nje.

Mwana wa nyapara ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya upole kabisa.

"Asante, mama. Pole sana kwa uliyoyapitia. Nataka tu nielewe vizuri. Baba yangu alikupa chakula. Hakukuuliza kitu, hakukupiga. Ni hivyo?"

"Ni hivyo," mama alisema.

"Na aliyewafikisha askari mtoni, kwa miguu yake, alikuwa nani?"

Niliinuka, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, na mwenyekiti akaniomba nikae. Niliwatazama wale wengine mmoja mmoja nikingoja mtu aseme kitu. Mama mmoja wa kamati aliangalia kikombe chake. Mwingine alikuwa akisoma simu. Nilichokiona usoni mwao si uovu. Ilikuwa afueni. Sasa walikuwa na sababu ya kuacha mambo yalivyo.

Mwenyekiti alikohoa. Alisema suala hilo ni zito, linahitaji muda, kamati italiahirisha hadi kikao kingine ambacho tarehe yake ingetangazwa. Katibu akaandika hilo upesi.

Ndipo mama alipogonga sakafu kwa fimbo.

"Basi kama la huyo haliondoki," alisema, "toeni la kaka yangu. Hawezi kulala na huyo mtu jiwe moja."

Nilimgusa bega. "Mama, twende."

"Hapana. Andika wewe kijana. Toeni la kaka yangu."

Katibu alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama mwana wa nyapara, kisha akatazama karatasi zake.

"Kama ni ombi la familia," alisema, "hilo si gumu. Familia ina haki. Mwalimu, wewe ukitia sahihi pamoja na mama, inatosha."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilitia sahihi. Nilikuwa na hasira, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kumtoa mama mle ndani, na karatasi ile ilionekana kama mlango. Mama alitia kidole kwenye wino, nikaandika jina langu chini yake kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Mwana wa nyapara alitusindikiza hadi kwenye gari. Alimshika mama mkono asijikwae kwenye ngazi.

Lile ombi lingine, la kutoa jina la baba yake, halijatangaziwa kikao mpaka leo.

Siku ya nane nilipita bondeni peke yangu. Sijui nilitegemea nini. Fundi alikuwa amekuja na kuondoka. Jina la tano lilikuwa limesagwa kwa mashine, na mahali pake pamejazwa simenti nyeusi isiyong'aa kama jiwe lenyewe, kiasi kwamba unaiona kutoka getini. Fundi alikuwa hodari. Hakugusa hata herufi moja ya jina la nne wala la sita. Pale chini, jina la nyapara lilikuwa safi, na mtu alikuwa ameegemeza shada la maua ya plastiki kwenye ukuta karibu nalo.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, akiota jua.

"Ulipita kule?"

"Nilipita."

"Wametoa?"

Nilifikiri kumdanganya. "Wametoa, mama."

Alivuta kitambaa magotini, akakinyosha, akakinyosha tena.

"Upesi hivyo?"

"Fundi alikuja wiki hii."

"Hawakuja hata kuniuliza mara ya pili?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilidhani watakuja hapa kwetu. Nilidhani watanibembeleza. Watasema, mama, tafadhali, tutakuwaje na jiwe bila yeye. Nami ningewaambia, basi toeni lile lingine."

Nilipiga magoti nikamshika mikono. Mama hakuwa ametaka jina litolewe hata siku moja. Alikuwa ameweka mezani kitu pekee alichokuwa nacho, akiamini kwamba hata wao wangekiona kuwa cha thamani. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilikuwa nimekaa karibu naye na sikuelewa. Niliichukua kalamu.

Habari zilifika kwa jamaa zetu kabla ya Jumapili. Binamu yangu, mtoto wa ndugu mdogo wa mama, ndiye aliyepewa jina la mjomba aliyekufa. Jina lile juu ya jiwe lilikuwa jina lake. Alikuja na pikipiki, hakuvua hata kofia ya chuma.

"Shangazi," alimwambia mama, "nani aliwapa ruhusa?"

"Niliomba mimi," mama alisema.

"Watoto wangu niliwapeleka pale. Niliwapiga picha wakishika jina langu. Sasa niwaambie nini? Kwamba cucu, nyanya yao huyu, alinifuta?"

Nilijaribu kumweleza habari za nyapara. Hakutaka kusikia. Alisema angeweza kuishi na nyapara chini yake, kwa sababu watu wote pale bondeni wanajua ukweli, lakini hakuna anayejua ukweli wa simenti nyeusi. Mtu akiona jina limefutwa kwenye jiwe la mashujaa, alisema, hufikiri jambo moja tu: kwamba mwenyewe aligundulika kuwa msaliti.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliona mama akilipokea. Alilipokea kama alivyopokea mengine yote, bila kusogea.

Binamu aliondoka bila kunywa chai. Tangu hapo tukikutana kwenye mazishi ya watu hunisalimu kwa mkono mmoja na kuangalia pembeni.

Niliandika barua ya kuomba jina lirudishwe. Nilikwenda Thika mara tatu. Yule msichana mpole alikuwa amehamishwa, na aliyechukua nafasi yake alinieleza kwamba jiwe likishasagwa na kujazwa haliwezi kuchongwa tena mahali palepale, lingepasuka. Labda jiwe jipya likitengenezwa siku moja. Nilimuuliza siku gani. Alisema niache nambari ya simu.

Oktoba ilipokaribia, kabla ya Siku ya Mashujaa, tuliletewa kadi ya mwaliko yenye bendera pembeni. Ilikuwa imeandikwa kwa familia ya mjomba, kwa jina lake kamili, viti viwili vya mbele. Nadhani orodha ya wageni haikuwa imesahihishwa. Mama alikuwa amelala. Niliisoma nikiwa nimesimama getini, nikaichana vipande vidogo, nikavitia kwenye pipa la jirani, kwa sababu letu mama huwa analifunua kuangalia kama nimetupa maganda yanayofaa kuku.